Themanini na Tatu Kamili

Injini iliyotumika haiwezi kuwa na silinda nne zinazolingana. Ringi za pistoni hupanda na kushuka miaka nenda miaka rudi zikikwangua ukuta, na kule juu zinakogeukia ndiko chuma huliwa zaidi. Ukipima juu utapata nambari hii, ukipima chini utapata nyingine. Kwa hiyo baba mkwe wangu aliposoma kipimo cha milimita "themanini na tatu kamili" kwa mara ya tatu mfululizo, mkono wangu ulisita juu ya daftari. Kisha nikaandika.

Ilikuwa Jumapili, katikati ya miaka ya themanini, kwenye gereji yake Likoni. Siku za kazi nilikuwa Changamwe, katika karakana kubwa ya mitambo. Jumapili nilivuka kwa feri na mke wangu. Yeye akiingia kwa mamake, nyumba ya nyuma, nami nikimsaidia mzee. Alinipa binti yake, na sikujua njia nyingine ya kumshukuru. Watu walimletea injini kutoka Msambweni mpaka Mtopanga, na sifa yake kubwa ilikuwa kipimo. Mafundi wengine walibahatisha kwa kidole. Yeye alikuwa na maikromita yake, kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita, ndani ya kisanduku cha mbao, akiifuta kwa kitambaa cha melimeli, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Bloki ya injini ya siku ile ilikuwa ya mwamu wangu, kaka wa mke wangu, aliyeingiwa na wazimu wa mbio za magari. Aliipata kuukuu, akaiosha kwa mafuta taa mpaka ikang'aa, na alitaka iundwe upya iwe na kasi ya kumwacha kila mtu nyuma kwenye barabara za vumbi za Kwale. Rafiki yake mmoja baharia alikuwa akiondoka na meli jioni ile, naye angerudi na pistoni za mbio. Alichohitaji ni saizi tu. Saizi ikikosewa, pistoni zingecheza ndani ya silinda, na kwa kasi aliyoitamani mwamu injini ingepasuka yeye akiwa kwenye usukani.

Mzee aliingiza kijiti cha kupimia kwenye silinda ya nne, akakirefusha kikagusa ukuta, akakikaza, akakitoa, akakibana kwa maikromita na kuiinua kwenye mwanga wa mlango. Aliiweka mbali. Akaisogeza karibu, halafu mbali tena. Hapo nikajua. Vimistari vya maikromita ni vyembamba kama unywele, na mzee hakuwa akiviona. Alikuwa akitaja saizi ya injini ile ilipotoka kiwandani, saizi aliyoijua kwa moyo tangu ujana wake.

"Themanini na tatu kamili," akasema.

Nikaandika na hiyo. Mwamu, aliyekuwa nje akisugua vyuma vyake, akaingia, akachukua daftari na kulisoma.

"Mashallah," akasema. "Kama mpya."

Ningefanya nini? Mkwe hapingwi. Hata kula naye sinia moja ilinichukua mwaka mzima kuzoea. Nimwambie mbele ya mwanawe kwamba macho yamekwisha? Nilijaribu kuzunguka mbuyu.

"Baba, chuma hiki kimekaa juani. Tungengoja kipoe, tukapima tena?"

Aligeuza uso upande niliokuwapo. "Mwanangu, wapima chuma ama wanipima mie?"

Nikaanza kuokota spana sakafuni. Nilijichukia, na bado niliendelea kuokota.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, baba na mwana walikwenda msikitini. Nilisema ningewafuata nikishasafisha mikono. Sikuwafuata. Nilifungua kisanduku cha mbao kama mwizi, nikapima. Silinda ya kwanza, juu: themanini na tatu nukta moja nane. Chini: nukta sifuri tano. Nikarudia, nikimwomba Mungu niwe mimi niliyekosea. Nambari zilibaki zilezile. Bloki yenyewe haikuwa mbovu. Ilihitaji kuchongwa kidogo na kupewa pistoni kubwa zaidi, basi. Lakini kwa pistoni za saizi iliyoandikwa kwenye daftari, mwamu wangu angejiua mwenyewe akishangilia.

Nilikuwa kwenye silinda ya tatu kivuli kilipoziba mlango. Walikuwa wamerudi.

"Soma," mzee akasema. Hakuuliza maikromita yake inafanya nini mkononi mwangu.

"Ya kwanza, juu, themanini na tatu nukta moja nane."

Mwamu alinitazama mimi, akamtazama babake, akatazama daftari.

"Ndivyo nilivyosema," mzee akasema.

"Ndivyo ulivyosema, baba."

"Basi mbona hukuandika hivyo?"

Alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu, lakini macho yake yalitua begani pangu.

"Nimekosea, baba. Niwie radhi."

"Wallahi ungeniua," mwamu akasema.

Mzee aliweka mkono juu ya bloki, ukucha wa kidole gumba ukakwama kwenye ukingo wa silinda, pale chuma kilipoliwa. Aliukwaruza ukingo ule mara kadhaa. "Haya, soma zilizobaki," akasema kwa sauti ndogo. Nikasoma, naye akaitikia "naam" kwa kila moja, kama mtu anayehakikisha. Baharia aliondoka na saizi sahihi.

Mke wangu alikwishapata habari kwa kakake. Hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani.

"Ungemuua kaka yangu kwa kalamu," akasema. "Na baba alivyokuamini."

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini angemwambia mamake, mamake angelia, na kabla ya Ijumaa Likoni nzima ingejua, na mzee angebaki na kisanduku cha mbao na hana la kufanya. Nikamwambia nitakuwa mwangalifu zaidi.

Jumatatu asubuhi mzee alifungua gereji kama kawaida. Kulikuwa na bloki mbili za watu zikingoja kupimwa, niliziona kwa macho yangu jana yake pembeni mwa mlango. Mimi nilikuwa zamu Changamwe.