Sekunde Mbili za Dizeli

Mimi ndiye niliyeshika saa. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakisimulia habari za Mzee Hamim Bakhit huanzia kwenye mguu wake, kana kwamba ulijiendesha wenyewe, na mimi nikisikia hivyo damu inanichemka. Mguu ule naujua vizuri. Niliuandikia ripoti.

Hamim alizaliwa Bombo, kwa Wanubi wenzetu, mtoto wa dereva wa malori ya jeshi. Alijua gia kabla ya kuota ndevu. Alifanya kazi katika gereji za Kisenyi, Kampala, mpaka mikono yake ikakataa kutakata, kisha akakaa kwenye usukani wa basi la dizeli na hakushuka kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, mkali kwa uchafu. Akipanda basi alivua kandambili ya kulia, akaisukuma chini ya kiti, akaendesha kwa unyayo mtupu. Alisema ngozi ya unyayo husikia injini kuliko sikio. Sisi wa ofisini tulimtania, tukamuuliza kama masikio yake nayo atayavalisha kandambili. Alitabasamu tu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kugusa mtu, wala boda, wala kuku.

Kondakta wake alikuwa Siraje, mdogo wangu wa tumbo moja. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na walikuwa na namna yao ya kuondoka kituoni. Siraje alibaki chini akiita abiria mpaka wa mwisho aingie, maana kwetu kondakta anayepanda kabla ya abiria wake anaonekana mvivu. Kisha aligonga ubavu wa basi kwa kiganja mara mbili: "Tugende!" yaani twende. Hamim alikanyaga mafuta. Basi likakohoa, likatetemeka, likajifikiria kidogo, na Siraje akapiga hatua mbili akadandia mlangoni. Ilikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake mkono.

Mwaka jana kampuni ikaleta mabasi mawili mapya ya kujaribu, ya haibridi, yenye injini ya dizeli na mota ya umeme pamoja. Linapoondoka, linaondoka kwa umeme. Injini inaamka baadaye, gari likiwa tayari njiani. Halikohoi wala halitetemeki. Wafanyakazi wakaliita Paka. Wenye kampuni walitaka kujua kama Paka anaishinda dizeli katika milima ya Kampala, na kama anaishinda, wataagiza mengine ishirini. Mimi, Nuriat, ni karani wa ratiba. Nilipewa saa ya kuhesabia sekunde, karatasi na kiti cha plastiki.

Tulipima Jumapili asubuhi, kwenye mpando ulio karibu na yadi yetu, Mbuya. Ndani tulipakia magunia ya mchanga sitini badala ya abiria. Msimamizi wetu, Bwana Okeny, alikuwa mwanajeshi zamani, na Kiswahili chake bado kinapiga saluti. Alisimama katikati ya barabara, mikono nyuma.

"Mzee Hamim ndio anaendesha zote mbili," akasema. "Mguu moja, gari mbili. Hapo hakuna mtu ya kudanganya."

Dizeli ilianza. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeacha kiti changu mbele ya gurudumu la nyuma nilipoinuka kupunga kitambaa. Basi lilikohoa, likasogea hatua moja, likasimama. Hamim akatoa kichwa dirishani.

"Nuriat, toa kiti yako hapo."

Nikaondoa, tukaanza upya; ilichukua sekunde kumi na tisa na nusu kufika mwendo wa kilomita hamsini kwa saa. Baadaye ikaja zamu ya Paka, na mimi, kwa uzembe wangu ambao leo nauona kama wingu lililotangulia mvua, nikakiacha kiti palepale. Nilipunga. Sikusikia kitu. Niliona tu mwanga ukipita mbele yangu, kisha mlio mdogo, mkavu, wa plastiki. Nilipotazama chini kiti kilikuwa bapa. Basi lilikuwa tayari mbali, likipanda mlima na magunia yake kama halikubeba kitu. Sekunde kumi na tatu na nukta tatu.

Okeny alicheka mpaka akashika magoti. "Kiti imekufa kwa ajili ya taifa! Andika, Nuriat. Andika hiyo namba."

Niliandika. Lakini nilimwona Hamim aliporudi. Hakucheka. Alishuka, akakiokota kile kiti, akakigeuzageuza, kisha akaketi kwenye ngazi ya basi akiutazama mguu wake wa kulia.

"Nuriat," akaniita kwa sauti ya chini, "mimi sikuangalia kioo."

"Siku zote unaangalia, Mzee."

"Naangalia nikishakanyaga. Leo ndio nimejua." Aliweka kiganja juu ya goti. "Miaka ishirini na sita, mguu unatangulia, jicho linafuata. Dizeli ilikuwa inaningoja niangalie. Sekunde mbili hivi. Nasema bismillahi, naona mlango, naona Siraje amepanda, ndiyo gari inatoka. Hii haingoji mtu."

Nilirudi kwenye karatasi yangu, kwa sababu karani akiogopa hukimbilia karatasi, nikapiga hesabu ya zile sekunde mbili za mwanzo. Dizeli ndani ya muda huo haikutimiza hata mita moja. Paka alikuwa amekwenda tatu. Mita tatu ni umbali wa kutoka mlangoni mpaka kwenye gurudumu la nyuma.

Kesho yake Hamim alikwenda ofisini kuomba arudishwe kwenye dizeli. Mtu mwenye rekodi yake anaomba gari kuukuu! Okeny alimsikiliza, tena kwa heshima, siwezi kumsingizia. Halafu akasema dereva aliyetoa namba ile ndiye hasa atakayeendesha Paka, Bukoto hadi Kisenyi, wenye kampuni waone. Hamim akajibu, "Sawa, afande," akatoka.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikwenda kuufundisha mguu wake upya, kama mtu anayemfundisha mzee mwenzake kusoma. Siraje alinisimulia. Akisikia kiganja kikigonga, Hamim aliuinua mguu wake kabisa kutoka kwenye pedali, akasoma bismillahi yote mpaka mwisho huku macho yake yakiwa kwenye kioo, akamwona Siraje ndani, ndipo akakanyaga. Kila kituo, kila safari. Alizirudisha zile sekunde mbili kwa mdomo wake mwenyewe.

Paka alikuja na kifaa kinachomzuia kuondoka mlango ukiwa wazi. Kifaa hicho kilikaa siku nne. Makondakta walipodandia kwa mazoea yao mlango haukufungika kwa wakati, basi likagoma, foleni ikapiga honi nyuma, na fundi akaambiwa akikate. Nami niliandika: kifaa kimeondolewa ili kuboresha muda. Naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno. Niliona ni nzuri.

Basi likawa halina kizuizi isipokuwa mdomo wa mzee mmoja.

Tatizo ni kwamba Paka ana kompyuta. Kila jioni ilinitolea karatasi ya vituo vyote: kijani kwa walioondoka haraka, nyekundu kwa waliochelewa. Paka wa pili, aliyeendeshwa na kijana wa Mukono, alikuwa kijani kitupu. Karatasi ya Hamim ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini, sekunde mbili hapa, sekunde mbili pale. Nilijua maana yake. Kwenye sehemu ya maoni nikaandika: "Dereva hutazama kioo kabla ya kuondoka, kwa usalama wa kondakta."

Okeny aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ya kioo, toa," akasema. "Wakubwa wanataka kujua gari, hawataki habari ya mzee. Wataona nyekundu, watasema gari iko mubaya. Halafu gari hazikuji, na wewe unarudi nyumbani, na mimi pia."

"Afande, lakini mzee alisema..."

"Muite."

Hamim akaja, kandambili zake zote mbili miguuni. Okeny akamwonyesha zile alama nyekundu. Akamuuliza anafanya nini katika sekunde hizo mbili.

"Nasoma bismillahi, afande, nikitazama kioo."

"Kale, sawa. Ni vizuri. Soma gari ikitembea."

Hamim alinitazama. Naomba mnielewe hapa, maana ndipo ninapojichukia. Aliningoja niseme, kama dizeli ilivyomngoja yeye. Mimi nilikuwa na ile karatasi mkononi, nilikuwa na mita tatu kichwani, na nilikuwa na mdogo wangu anayedandia mlango ule mara mia kwa siku. Nikainamisha macho. Alipotoka, nikaifuta sentensi.

Usiku sikumwambia mtu, lakini kesho yake mchana Siraje alipopita kwangu Kisenyi kula, nilimwekea chakula na kumweleza. Nikamwambia apande kwanza, agonge akiwa ndani.

"Banange, jamani dada!" akacheka mdomo umejaa. "Niite watu nikiwa ndani kama bibi harusi? Mguu wangu na mguu ya mzee zinajuana. Yeye ananingoja siku zote."

"Ameambiwa asingoje, Siraje."

"Atangoja tu." Akanawa mikono, akachukua kofia yake. Watoto wake wawili walikuwa uani wakicheza, akawarukia kuwatisha, wakapiga kelele. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona ya duka la Wasomali. Nilitaka kumwita. Nikajiambia nitampigia simu.

Siku tatu karatasi ya Hamim ilibadilika rangi kidogo kidogo. Jumatatu nyekundu kumi. Jumanne sita. Jumatano mbili. Okeny alinipitia mezani akagonga meza kwa furaha. Nilikitazama kijani kile kikipanda karatasi kama maji yanavyopanda ndani ya nyumba za bondeni, na nikaendelea kuzipanga karatasi hizo kwenye faili. Mazoea yana taabu, lakini mzee wa watu alikuwa akiyashinda, tena kwa amri.

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, kulikuwa na manyunyu Kisenyi. Paka alikuwa amejaa. Siraje aligonga mara mbili. Wakati huohuo mama mmoja aliyekuwa ndani akapiga kelele kwamba furushi lake limebaki chini, na Siraje, aliyekwisha kupiga hatua ya kwanza, akageuka akaliokota, akalitupia mlangoni, akaruka. Kwa dizeli angefika. Mkono wake ulishika chuma; chuma kilikuwa na maji. Hamim alikuwa akisoma gari likitembea, kama alivyoagizwa. Alipofika katikati ya bismillahi macho yake yakafika kwenye kioo, na Siraje hakuwamo tena kwenye kioo.

Wanasema basi lilisimama ndani ya urefu wake mwenyewe. Wanasema Hamim alishuka na mguu mmoja mtupu, akapiga magoti kwenye tope, akavua shati lake akamfunga Siraje paja nalo. Daktari alituambia shati lile ndilo lililomwokoa. Mguu wa Siraje, wa kulia, ulikuwa umesagwa na gurudumu la nyuma; walimkata juu ya goti siku hiyohiyo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi huo msemo siutaki tena masikioni mwangu. Waliokataa kusikia tulikuwa wawili, Okeny na mimi, na wote tuna miguu yetu.

Ijumaa nilikwenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Kompyuta ilikuwa imetoa karatasi ya jana kama kawaida. Kituo cha Kisenyi, saa mbili na dakika kumi na mbili: kijani. Ulikuwa uondokaji wa haraka kuliko wote wa mwezi ule. Niliikunja, nikaitia kwenye pochi, nikaondoka bila kuaga.

Hospitalini nilimkuta Hamim ameketi kando ya kitanda. Siraje alikuwa macho, midomo imekauka, shuka limelala bapa pale ambapo halikupaswa kulala. Alikuwa akimuuliza mzee.

"Siku zote unaningoja. Mbona jana haukuningoja?"

"Mguu wangu umezeeka, mwanangu," Hamim akasema. "Ni mguu wangu tu. Nisamehe."

Hakunitazama. Alikuwa ananificha, mzee yule, kama vile amenifunga na mimi shati. Nilisimama mlangoni na pochi yangu, na nikaona kwamba nikinyamaza mara ya pili, nitanyamaza maisha yangu yote. Nikavuta kiti, nikaifungua ile karatasi juu ya shuka. Nikamweleza Siraje yote: kiti cha plastiki, mita tatu, kifaa kilichokatwa, sentensi niliyoifuta kwa kidole hiki. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno.

Siraje alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kidole kwenye kile kijani. Nilingoja anitukane, na ingenifaa.

"Hizo Paka ishirini," akauliza, "zinafika lini?"

Wenye kampuni walikuwa wametia saini Jumatano, kwa ripoti yangu.

"Mwezi ujao," nikamwambia.