Niliinyamazisha Injini kwa Oili ya Karasha

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Naandika bila jina kwa sababu mke wangu naye husoma hapa, na mpaka leo hajui.

Tunaishi Mwakitolyo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka sita ya kusubiri. Gari langu la zamani likaanza kulia: tik, tik, tik. Ukikanyaga mafuta, mlio nao unaongeza mwendo.

Nikalipeleka kwa fundi Shinyanga mjini. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, akasikiliza huku amefumba macho. Akasema tapeti, vile vyuma vya juu vya injini, zinagonga kwa sababu oili haipandi, chujio la chini limeziba. Lazima aifungue injini, nimwachie gari siku tatu.

Siku tatu! Nikajiona mjanja, nikarudi nalo. Rafiki yangu mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akanipa oili nzito iliyokwishatumika kwenye mashine yake. Nikamimina. Mlio ukaisha. Mke wangu akauliza kama fundi amemaliza kazi, nikamjibu amemaliza. Uongo huo ndio unaonila.

Wiki iliyofuata uchungu ukamshika asubuhi, kabla ya wakati. Nikampakia nyuma na mama yake, tukaelekea hospitali, Kolandoto.

Kwetu Wasukuma mama mkwe haongei na mkwewe ana kwa ana. Akiwa na neno, hulipitisha kwa binti yake. Tulikuwa tunapita kwenye senta yenye magari na bodaboda wakati mlio uliporudi, mkali kuliko mwanzo, na harufu ya kuungua. Nikamsikia akimwambia binti yake, "Mwambie mumeo asimame hapa, hili gari linaungua."

Mke wangu alikuwa amejikunja kwa maumivu, hakuwa na pumzi ya kunifikishia. Lakini mimi nilisikia! Mungu ananiona, nilisikia kila neno. Kwa kuwa halikusemwa kwangu, nikajifanya sikusikia, nikakanyaga mafuta. Niliogopa kufungua boneti mbele yao, uongo wangu ukajulikana.

Hatukumaliza kilomita tano. Injini ikapiga kishindo, ikanoki, ikazima porini, simu haina mtandao. Mama mkwe akashuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Baba, mtoto anakufa," akaniambia.

Lori la ng'ombe lilitokea jua likiwa utosini, likatubeba. Mke wangu alipona. Mtoto wetu wa kiume hakupona.

Msibani watu walinipa pole, wakasema gari bovu halina adabu. Anayenitetea kuliko wote ni mke wangu. Husema hakuna ambaye angejua, na kwamba nilifanya kila nilichoweza. Mama yake hasemi kitu. Kila akija kututembelea naogopa, namsubiri afungue mdomo.

Ndugu yangu, gari likianza kugonga, mwachie fundi alifungue, hata kama ni mwezi mzima. Na kama umeshadanganya, sema leo, kabla mkeo hajaanza kukuonea huruma.