Hadimu wa Msikiti na Mzee wa Nyakasimbi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia msikitini mbio, nikihema, kwa kuogopa kuchelewa. Imamu alikuwa amekaa mbele. "Rudi nje," akasema. Nikajua kazi imeota mbawa. "Rudi nje, uingie upya, taratibu. Hapa hakuendwi mbio, hata kama swala imeanza."

Akanifundisha palepale: viatu nje, mguu wa kulia mbele, na dua, *Allahumma ftah lii abwaba rahmatik*, yaani Mola wangu, nifungulie milango ya rehema zako. Kabla ya kukaa, rakaa mbili za kuuamkia msikiti. Ukitoka, unatanguliza wa kushoto na kuomba fadhila zake. Jamani, nilivyofurahi! Nilikuwa kijana wa dukani hapo Kayanga, nimesilimu juzijuzi, na sasa nimekabidhiwa ufunguo wa msikiti. Nikawa hadimu, mwenye kufagia, kutandika mikeka na kujaza maji ya udhu.

Jioni nikapanda baiskeli hadi Nyakasimbi kumweleza baba. Baba ni Mlutheri, mkulima wa ndizi na kahawa. Alikuwa anapunguza majani ya migomba, wala hakuinua uso.

"Siku ukiniona kwenye mlango huo," akasema, "ujue nimepotea njia."

Hakunifukuza, na miaka yote tulikula sahani moja. Ila kazi yangu hakuiulizia hata mara moja. Iliniuma sana. Nilitamani aione sakafu yangu.

Baadaye Katibu wa msikiti alinihamishia Ihanda, kwenye msikiti mdogo wa wakulima. Huko ndiko kulikokuwa na kazi! Watu wanatoka shambani na mabuti ya tope, wengine wametafuna vitunguu vibichi. Katibu alikuwa mkali: "Mwenye harufu ya kitunguu mwambie akasukutue kwanza, lakini mwambie sikioni. Ukimwaibisha, wewe ndiye umevunja adabu." Nimenong'oneza masikio mengi, na wenye masikio hayo wakawa rafiki zangu.

Nikarudishwa Kayanga, nikazeekea hapo. Ijumaa ya kustaafu kwangu waumini walibaki baada ya swala ili kuniaga. Nje ikasimama bodaboda. Akashuka mzee mwenye mkongojo, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Baba! Nilitoka mbio, adabu zote zimenitoka.

"Hadimu wetu," Imamu mpya akaniita huku akicheka, "si wewe uliyetufundisha kuwa hapa hakuendwi mbio?"

Nikamwinamia mzee. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Nimepotea njia," akasema, uso mkavu kabisa.

Imamu akaja mlangoni. "Karibu ndani, mzee wetu."

Baba akavua viatu, akaninong'oneza, "Mguu gani?"

"Wa kulia, baba."

Nikamshika mkono, akaingia. Akatazama mikeka, akatazama madirisha. Kisha akainama taratibu, akapitisha kiganja sakafuni, akakigeuza kukikagua. Hakikuwa na vumbi.

"Kumbe ndipo ulipokuwa," akasema.

Nililia mbele ya watu wote, na sioni haya kulisema.

Siku hizi naishi naye Nyakasimbi, tunahudumia migomba pamoja. Vijana mnaoshika funguo za misikiti leo, kazi yenu ni tamu, msiidharau. Mimi sasa ni muumini tu kama wengine. Ijumaa, jua likianza kupanda, baba huninyang'anya panga mkononi.

"Nenda ukaoge, utoke mapema," huniambia. "Kule hakuendwi mbio."