Nusu ya Pili ya Kitabu

Kitabu kile tulikichana wenyewe, mume wangu na mimi, juu ya meza ya cherehani yangu, na mpaka leo sijui kama nijute. Kilikuwa kinene kama mkate mzima. Alikinunua kwa mama anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini Nakuru, siku ambayo tulikuwa tumekwenda kutafuta viatu. Tulirudi Lanet bila viatu.

Wanaosema hadithi za mazimwi ni za watoto wamejinyima raha. Mle ndani kulikuwa na binti aliyebeba upepo kwenye kibuyu. Upepo huo uliibwa kutoka kilele cha mlima, na tangu hapo mvua haikunyesha tena, basi kazi ya binti ilikuwa kuurudisha, akivuka nchi saba bila kuzibua kizibo hata mara moja. Mwenzake wa njiani alikuwa zimwi la jino moja, lenye woga kuliko kuku. Nililipenda lile zimwi mno. Nilisoma mchana huku nikishona sare za shule, kitabu kimefunguliwa chini ya kitambaa, na kuna sketi moja niliyoipinda pindo mara mbili bila kujua. Mume wangu, ambaye ni mwanajeshi, alikisoma jioni akitoka kambini. Kwa kuwa Januari ndiyo mwezi wa sare na mimi sikuwa na nafasi, alinipita mbali. Alifika katikati nikiwa bado nchi ya pili.

Ndipo agizo likaja kwamba anakwenda mpakani. Alipewa siku tatu tu za kujiandaa.

Aliyesoma shule ya bweni anajua desturi hii: riwaya ikiwa moja na wasomaji ni kumi, inachanwa. Kila mmoja anapewa kipande chake, na vipande vinapita kitanda hadi kitanda mpaka muhula uishe. Sheria ni moja tu, kwamba aliye mbele hasemi kitu. Kwetu, msichana aliyefichua mwisho wa hadithi aliwafulia wenzake soksi, na soksi za wasichana arobaini si mchezo.

"Tukichane," nikasema mimi.

Akakikunja mgongo mpaka gundi ikalia, akanipa nusu ya kwanza, yake akaitia kwenye begi. "Hii yangu nitakuletea mimi mwenyewe, kwa mkono," akasema. "Na usiingie kwa simu kutafuta vile inaisha."

"Na wewe usinispoilie ukipiga," nikamjibu.

Mwanzoni alipiga kila baada ya siku mbili tatu. Hatukuongea habari za kazi yake, tuliongea habari za kibuyu. Nikifika mahali pazuri alicheka tu, na mimi nikamtukana kwa mapenzi. Nilikimaliza kipande changu wiki ya tano. Binti na zimwi walikuwa wamefika kwenye daraja la kamba juu ya korongo lisilo na mwisho, na mlinzi alikuwa amesema daraja litambeba mmoja tu. Ukurasa wangu wa mwisho ulikatikia katikati ya sentensi: binti akageuka nyuma, akalitazama zimwi, na akaona

Basi. Hapo ndipo karatasi ilipoishia.

Siku hiyohiyo nikampigia nimwambie nimefika. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Kesho yake vilevile. Wiki moja, mbili. Niligombana na wateja bure. Mama mmoja alilalamika kwamba shati la mwanawe lina mkono mmoja mrefu, nami nikamwambia amkunjie. Halafu nikamkimbilia getini kumwomba radhi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye mumewe pia ni wa kambini, alichoka nami. "Si uangalie tu kwa simu vile hiyo hadithi inaendelea? Dakika moja unajua."

"Sitaki."

"Wewe na hiyo kitabu yako mtanipatia pressure."

Singeweza kumweleza. Nilikuwa nimemfunga mume wangu kwenye ile sentensi. Nilijiambia kwamba maadamu binti hajaona alichokiona, hakuna lililotokea, wala huko mpakani hakuna lililotokea. Nilijua ni upuzi. Jumapili nilitubu kanisani, Jumatatu nikarudi kuamini. Niliogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Niliogopa nikipiga pasi, niliogopa nikichambua mboga.

Siku moja saa nne asubuhi geti la ploti likagongwa, akaingia mwanajeshi mwenye sare kamili. Sisi tunaoishi karibu na kambi tuna kusoma kwetu. Mwanamume aliye likizo huvua sare kabla ya kutembelea watu. Ukiona sare mlangoni kwako, na ndani yake si mume wako, mtu huyo amekuja kikazi. Jirani alikuwa akikamua shuka, akaacha, maji yakimtiririka miguuni. Yule mwanajeshi alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa sweta ya kijani. Niliijua ile sweta. Kiraka cha begani nilikishona mimi.

"Shem, sasa," akanisalimia.

Nilishika meza ya cherehani. "Sema tu. Sema haraka."

"Niseme nini?" Akaitazama sweta, akajitazama sare, na uso ukambadilika. "Ai, shem! Hapana, hapana. Pole! Lori imetushusha saa hii, hata kwangu sijafika. Alisema nikuletee hii kwanza."

"Yuko?"

"Yuko sawa. Nimemwacha siku tano zimepita. Kule walipelekwa hakuna network kabisa."

Nilimpiga begani kwa ile sweta, kwa nguvu zangu zote, kisha nikampikia chai.

Ndani ya sweta mlikuwa na nusu ya pili. Ningepaswa kufurahi, lakini alipoondoka yule shemeji niliketi nikiitazama bila kuifungua. Alisema ataileta mwenyewe. Mtu akituma kwa mkono wa mwingine kile alichoahidi kuleta kwa mkono wake, anajua nini ambacho mimi sikijui? Siku tano ni nyingi.

Nilianza kusoma mchana huo. Binti aliona zimwi likilia, akakata kamba za mzigo wao wote, chakula, mablanketi, akavitupa korongoni, wakavuka wawili kwa uzito wa mmoja. Nilipiga makofi peke yangu. Kwa siku mbili sikushona hata kifungo. Wakapita nchi ya tano, ya sita, zimwi likang'oka lile jino lake, nikacheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Hatimaye wakafika kileleni. Binti akaweka kibuyu juu ya jiwe, akashika kizibo. Nikafungua ukurasa.

Hakukuwa na ukurasa. Karatasi zilizobaki zilikuwa zimechanwa taratibu, kwa rula, na ukingoni pameandikwa kwa kalamu: "Kurasa kumi na moja ziko kwa mfuko wa shati yangu. Sijazisoma. Nilisema nitaleta mwenyewe."

Nilimtukana kwa sauti. Nikalia pia, na sikujua kipi kilianza.

Siku iliyofuata nilitia sindano ya magunia uzi mnene, nikaziunganisha zile nusu mbili, tundu kwa tundu, mgongo mzima. Kazi safi, hata yeye hatapata la kusema. Ila mwishoni sikupiga fundo. Uzi bado unaning'inia, nimeuacha mrefu wa kutosha kurasa kumi na moja.