Mstari wa Kalamu Mguuni kwa Mama

Leo nimefika nyumbani, jirani na soko la Lyulilo, na harufu ya udongo mbichi wa vyungu imenipandisha hasira kabla sijatua mzigo.

Siku moja, kabla sijaondoka, mama alikuwa akiukanyaga udongo kama huo peku, kigae kikamkata kisigino. Mguu ulivimba, ukawa mwekundu, wa moto, unang'aa kama umepakwa mafuta. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, kisha akachora mstari wa kalamu kuuzunguka wekundu wote.

"Wekundu ukivuka hapa, mleteni hapo hapo. Msisubiri."

Shangazi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mguu wa mtu ni shamba, upimiwe mipaka?"

Tulipofika akachota udongo wa vyungu, akaupaka mguu mzima, eti upoe. Nikamwambia mstari hauonekani tena.

"Nyamaza! Nimeanza kuuguza watu wewe hujazaliwa."

Mama alitetemeka kwa homa, udongo ukamkaukia, shangazi akaongeza mwingine. Tulipomrudisha zahanati, muuguzi aliuosha mguu. Mstari wake ulikuwa palepale, juu ya kifundo. Wekundu ulikuwa umefika pajani.

"Tulikuwa tunampoza," shangazi alisema.

Leo nimemkuta shangazi uani, anakanyaga udongo kwa miguu yake yote miwili. "Ugonile, mwanangu!" amenisalimu. Nimemwitikia kwa adabu, kama mama alivyonifundisha. Mama alikuwa ameketi kando na mguu wake mmoja uliobaki, magongo yake ameyaegemeza kwenye vyungu, akisubiri shangazi amkanyagie udongo.