Madume Watatu Bila Dawa

Chepkemoi alirudi kutoka mazishini Elburgon akiwa amelowa, na kabla hata ya kubadilisha viatu akaenda zizini. Ilikuwa siku ya kutazama macho. Kila baada ya wiki mbili za mvua alimbana kondoo katikati ya magoti, akavuta ukope wa chini, akatazama ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa imepauka, minyoo inamnyonya. Huyo alipewa dawa, akakatwa alama sikioni, na uzao wake haukubakizwa kundini.

Miaka sita alikuwa akifanya hivyo hapo juu ya Olenguruone, tangu msimu ule wana-kondoo kumi na mmoja walipomfia ilhali wote walikuwa wamenyweshwa dawa. Minyoo ilikuwa imeizoea. Ndipo alipoamua kutafuta kondoo wenye kinga yao wenyewe. Alinunua dume mwekundu wa Kimaasai, majirani wakaucheka udogo wake. Sasa wajukuu watatu wa dume huyo walikuwa wamemaliza wiki sita za mvua bila tone la dawa. Zilibaki nne. Atakayezivuka na macho mekundu ndiye angepanda kundi zima.

Alipomwinua kichwa wa kwanza, vidole vyake viligusa manyoya yaliyoganda chini ya taya. Yalikuwa na rangi ya maziwa na harufu kali ya dawa. Akamgusa wa pili, na wa tatu. Vilevile.

"Baba Lynn!"

Kibii, mumewe, alitoka jikoni akitabasamu. Nyuma yake alikuwa jirani yao Nerima, aliyekuja kutoa pole ya msiba.

"Umeona? Nimepata dawa mpya kwa duka la agrovet. Nikasema mama Lynn amechoka, wacha nimpunguzie kazi."

"Umewapa wote?"

"Wote! Hata hawa wako wa mtihani. Mmoja amenikanyaga kidole, cheki."

Nerima alipasuka kicheko. "Kibii, si umewapea wanafunzi majibu!"

Tabasamu la Kibii likafifia. "Lakini kama mmoja angekufa?"

"Nisingemwacha afe," Chepkemoi alisema. "Lakini huyo wa kupauka ndiye nilikuwa namtafuta, nimtoe."

"Sasa chukua tu huyo mkubwa," Nerima akasema. "Ona mgongo, mathe. Kama kitanda."

Chepkemoi aliutazama mgongo huo. Ingekuwa rahisi. Kwa nguvu ya dawa hiyo mpya, kwa wiki nyingi zijazo wote watatu wangeonekana wazima, mnyonge na mwenye nguvu. Akikosea, udhaifu ungeingia kwa kila mwana-kondoo atakayezaliwa, na miaka sita ingepotea.

"Hakuna dume mwaka huu," alisema. "Tutawajaribu tena mvua za mwakani."

"Mama Lynn, huo ni mwaka mzima bila wana-kondoo!"

"Najua."

"Mimi nilidhani nasaidia."

"Najua pia. Leta gunia na kisu."

Kibii akakata gunia vipande vitatu, vya kufungwa chini ya tumbo ili madume wasiweze kupanda majike. Aliwashika mmoja mmoja, naye mkewe akafunga kamba mgongoni. Alipokaza fundo la tatu, Nerima alikuwa ameshaondoka. Chepkemoi alibaki amepiga magoti kwenye samadi, akimwegemea dume yule mkubwa.