Siku Rejeta Yangu Ilipopika Uji

Kuna watu hapa Ifakara mpaka leo wakiniona hawaniiti Festo, jina nililobatizwa, wananiita Uji, na mimi naitika, maana ukishamwagikiwa na uji kichwani mbele ya kwaya nzima, mbele ya shangazi zako na mbele ya kuku wa watu, huna tena jina la kugombea. Aibu ile nilikuwa nakataza isitajwe. Nimechoka kukataza, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (yuko mmoja anaapa kwamba hata padre alirukiwa, uongo mtupu), acheni niisimulie mwenyewe, kwani aliyeungua ni mimi.

Kwanza mkijue kigari chenyewe. Kilikuwa chekundu, cha milango miwili, cha mbio hasa, kimekaa chini kama chura anayetaka kuruka, na nyuma kina lile bawa ambalo vijana wa Dar wanaliita spoila, ila hapa kwetu kila mtu aliniuliza kama ni la kuanikia nguo. Nilikipata Mlimba enzi zile nazurura. (Shule niliiachia darasa la sita, si kwa ujinga, ila siku moja lori liliharibika karibu na shule, nikaenda kuangalia wanavyolifungua, nikaangalia mpaka likapona, likaondoka nami.) Mkandarasi mmoja alikuwa amemaliza kazi zake anarudi kwao, na kigari kimelala nyuma ya ghala lake, majani ya maboga yametambaa mpaka kwenye usukani. Nikampa magunia yangu ya mpunga na baiskeli juu, tukakipakia kwenye behewa la mizigo, na siku kiliposhushwa stesheni ya Ifakara nilihisi kama nimeshuka na mke!

Nikakaa nacho miaka. Nikajifunza kwamba gari la mbio katika bonde hili ni kama mtoto wa mjini aliyeletwa shamba, halifi, ila lazima ulijue. Kiangazi vumbi linaziba chujio la hewa, masika matope yanakamata tumbo, oili haingoji mpaka iwe lami, na plagi ukizisafisha kwa wakati linaitika asubuhi kwa kuzungusha ufunguo mara moja tu. Tangi likivuja, paka sabuni ya mche. Paipu ikipasuka, funga mpira wa baiskeli. Nilizikusanya mbinu hizi kwa madereva wa malori kama watu wengine wanavyokusanya stempu, kila moja nikaijaribu, kila moja ikakubali, na hapo ndipo kichwa kilipovimba, maana miaka yote ile halikuwahi kunilaza njiani hata mara moja.

Mtu mmoja tu hakulikubali, naye ni baba yangu, Mzee Lukasi, mkulima wa mpunga, ambaye tangu niache shule hajawahi kusema nimefanya jambo la maana. Hakulipanda hata siku moja.

"Gari gani mtu unaliingia kama samaki anavyoingia mtegoni?" alikuwa akisema. "Siku nitakapozeeka nishindwe kutembea, afadhali mnibebe mgongoni."

Basi mdogo wangu Anje akapata mchumba, kijana wa Mlimba anaitwa Deo. Mjomba wake Deo, anayeishi hapahapa Ifakara, alikuwa na landrova, na wakwe wakasema kwa heshima zote kwamba landrova hiyo itambeba bibi harusi kutoka nyumbani kwetu Viwanja Sitini mpaka kanisani. Baba akakubali palepale. Lakini Anje akasema mbele ya watu wote, "Mimi nitaingia kanisani na gari la kaka yangu."

Baba akanigeukia. "Haya. Umesikia. Padre siku hiyo ana misa nyingine Mofu, amesema bibi harusi akichelewa hamsubiri, ndoa itakuwa wiki inayofuata. Na wakwe watakuja na treni, na siku hiyohiyo wana safari ya kurudi. Mkwe wangu akirudi Mlimba bila mke, usinitafute."

Jamani, nilifurahi! Sikusikia hata hilo la mwisho. Nilichosikia ni kwamba baba atasimama mlangoni mwa kanisa na kuniona nikiwasili.

Sasa kosa. Siku mbili kabla ya harusi niliona tone chini ya rejeta. Tone, kimya, tone. Nikampelekea fundi Saidi, akainama, akasema, "Hii nitaichomelea. Niletee kesho asubuhi, jioni unaondoka nayo." Kesho yake ikafika, nami nikawa na njia mbili: kwa fundi, au mtoni Lumemo kukiosha kigari na kukipaka nta king'ae. Nikaenda mtoni. Nikakisugua mpaka nikaweza kuchana nywele kwa kujitazama kwenye mlango. Tone likaendelea na shughuli zake.

Asubuhi ya harusi tone limekuwa mchirizi. Nikakumbuka dereva mmoja wa lori aliyenieleza kwamba rejeta ikivuja njiani unatia yai, linaiva humo ndani na kuziba tundu. Nikaingia jikoni. Mayai yote yamekwenda kwenye keki. Ila uani akina mama walikuwa wanatwanga mchele uliolowekwa, wa vitumbua, unga mweupe umejaa ungo, na mimi kwa akili yangu ya darasa la sita nikajiambia, yai linaganda, unga nao unaganda, tofauti iko wapi?

Nikachota kikombe. Nikakoroga na maji, nikamimina, nikawasha injini. Mchirizi ukawa tone, tone likakoma. Likakoma kabisa! Niliruka mle uani nikimkumbatia kila niliyemkuta, na kwa furaha ile nikaongeza kikombe cha pili, cha usalama.

Msafara ukaanza. Wazee wote na baba walitangulia kanisani na landrova. Anje akaketi kiti cha nyuma, gauni limejaa mpaka madirishani (kuingia kulimchukua muda, ilibidi tumsukume kama godoro), msimamizi wake akabanwa pembeni, mimi kwenye usukani na suti ya kijivu niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo moja. Mbele yetu kwaya na ngoma, na mbele ya ngoma shangazi zangu wanacheza sangula.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesahau kitu ambacho mtu aliyelala chini ya gari miaka yote ile hakupaswa kukisahau. Gari la mbio linapozwa na mbio. Shangazi hawana mbio. Shangazi anapiga hatua moja mbele, anazungusha kiuno, anarudi hatua mbili, na nyuma yake injini inachemka. Nikatoa kichwa dirishani.

"Shangazi Tekla! Shikamoo! Naomba mpishe kidogo, gari linataka upepo!"

"Na sisi tunataka kanga!" akajibu shangazi Tekla, mkubwa wao, na akakaa katikati ya barabara. Amekaa! Wenzake nao wakakaa. "Kaka wa bibi harusi hapiti bure! Unafikiri tumekulea ili utupigie honi?"

Najua, ndiyo desturi, kaka lazima atoe kitu ndipo njia ifunguliwe, na kanga nilikuwa nazo, tena nzuri. Zilikuwa kwenye landrova, kanisani.

Nikabaki nimesimama, injini inanguruma, wao wanaimba. Ndipo harufu ikaanza. Harufu tamu, ya wali, wali wetu ule ambao ukipikwa nyumba ya tatu unajua. Watu wa kwaya wakaanza kugeuza shingo.

"Wanapikia wapi?" mmoja akauliza.

"Huo wali wa harusi," mwingine akasema, "umekaribia kuiva."

Mimi nikatazama geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala upande ule ambao hata siku moja sikuwahi kuuona umelala.

Mvuke ukatoka. Nikazima, nikaruka nje, nikafungua boneti, na watu wote, shangazi kwanza, wakaja kuchungulia. Nikashika kitambaa. Msimamizi wa bibi harusi akapiga kelele kutoka ndani, "Kaka Festo, usifungue, acha ipoe!" Maneno haya mimi mwenyewe nimewaambia madereva wengi, lakini padre ana safari, baba yuko mlangoni, nikauzungusha mfuniko nusu.

Sijui niwaelezeje. Uji ulipanda juu kuliko paa la kibanda kilichokuwa pale, mweupe, mzito, ukasimama hewani kama unatafuta wa kumwangukia, kisha ukanichagua mimi. Kichwa, masikio, suti, kiatu. Nta yangu ya mtoni ikatoweka chini ya uji. Ngoma ya kwaya ikapata wake. (Viganja na shingo viliungua, sikatai, nilipakwa asali wiki nzima, lakini wakati ule aibu ilikuwa ya moto zaidi.) Kisha kuku wakaja mbio kutoka kila uwanja, wakaanza kula chini ya gari la bibi harusi.

Shangazi Tekla akagusa boneti kwa kidole, akaonja.

"Haujatiwa sukari," akasema.

Watu walicheka wakakaa chini. Mtu mmoja alicheka amemshikilia mbuzi wa jirani asianguke. Nami nimesimama uji unadondoka puani, nikamwendea Anje dirishani, nikamwambia nitamtuma mtu akimbie akaifuate landrova.

Anje alikuwa analia, nikadhani kwa uchungu, kumbe kucheka, shela imehamia shingoni. Kisha akaacha kucheka.

"Sishuki," akasema. "Kaka, nikishuka hapa nikapanda landrova, baba atasema alisema, na atasema mpaka mwisho wa maisha yake. Tafuta njia. Lakini sishuki."

Na njia ikaja yenyewe, taratibu, na kengele shingoni. Alikuwa Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, anapita na mkokoteni wa mpunga kuelekea mashineni. Akasimamisha maksai wake wawili, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo mzee," nikasema, uji ukaingia mdomoni.

"Marahaba, ng'wanawane," akanijibu, mwanangu kwa Kisukuma chao. "Umeungua?"

"Kidogo, mzee. Gari ndilo limechemka."

Akalizunguka gari, akaligusa lile bawa la nyuma, akatikisa kichwa. "Ng'ombe wangu hawachemki," akasema, na akaanza kufungua mkokoteni.

Tukafunga kamba kwenye ndoano ya chini ya bampa. Nikarudi kwenye usukani. Na hapa niwaambie ukweli, maksai wale walitembea haraka kuliko shangazi! Shangazi Tekla alipoona mapembe yanakuja alifungua njia bila kanga, kwaya ikapiga ngoma yake yenye uji, vijana wakakimbia pembeni wakishangilia, Anje akatoa mkono dirishani akipunga kama malkia, na mimi, uji unakauka na kunivuta ngozi ya uso, nikajikuta napiga honi. Nilikuwa na furaha ya ajabu, sijui ilitoka wapi.

Padre alikuwa tayari ameshapanda pikipiki yake, kofia ngumu kichwani. Akatuona. Akatazama maksai, akatazama kigari, akanitazama mimi, kisha akazima pikipiki na kuivua ile kofia polepole.

"Nimenusa wali," akasema, "nikajua hamko mbali."

Baba alikuwa mlangoni, palepale nilipotaka awe. Akashuka ngazi. Wakwe wote nyuma yake wanamtazama atasema nini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baba akachomoa leso yake ya harusi, akanifuta paji la uso, akaitazama leso, akanusa.

"Mchele wa nani huu?"

"Wa nyumbani, baba."

"Nilijua," akasema. "Wa dukani usingefika juu hivyo."

Akamtoa binti yake garini, na ndoa ikafungwa, na Deo akarudi Mlimba na mke wake kwa treni ileile.

Rejeta, fundi Saidi aliifungua akakuta matundu yote yamejaa wali ulioganda kama ukoko, akawa anaukwangua na kuita watu waje kuona. Hakunisema. Alisema tu, "Siku nyingine, niletee gari kabla ya kulipikia." Kigari kikapona, kimenibeba miaka mingine mingi, na mpaka leo kikipata joto kali huwa nasikia harufu kidogo ya wali, au labda ni mimi tu.

Lakini siku ya kwanza kilipotoka kwa fundi, nilipokuwa namimina maji uani, baba alitoka ndani amevaa kofia yake, ile ya safari. Akasema anataka kwenda Mofu kuona shamba. Nikadhani ananiaga. Akafungua mlango, akainama, akajikunja, akaingia mle mtegoni, magoti yakamfika kidevuni.

"Umetia nini humo leo?" akauliza.

"Maji, baba."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Akafunga mlango. "Haya. Twende."

Ndiyo maana nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja: kitu chochote kinacholiwa na binadamu hakitaingia tena kwenye gari langu, labda kwenye kiti cha abiria, mkononi mwa baba, maana tangu siku hiyo hakuna safari ya Mofu anayokubali kwenda bila kitumbua.